Chuma kwa Wakati: Ganda la Kula na Ganda la Mbegu

Mazungumzo kwa wakulima wa magunia, Kibera na Kawangware. Maandishi haya yanaweza kusomwa kwa sauti katika chama, baraza au mkutano wa kikundi.



Kwenye gunia la mboga lililosimama kando ya mlango, iwe ni Gatwekera au Gatina, hasara mbili hutokea mara kwa mara. Ya kwanza ni ya jikoni. Bamia iliyomwagiliwa maji ya kununua kwa mtungi hufika mezani ikiwa ngumu, ina nyuzi, na watoto wanaitema. Ya pili ni ya mfukoni. Mvua ikikaribia, mwenye gunia anarudi dukani kununua pakiti ya mbegu za saga, ilhali miezi michache nyuma mbegu kama hizo zilipasuka zikamwagika vumbini pale pale mlangoni pake.

Hasara hizo mbili zina chanzo kimoja. Ganda halikuchumwa siku yake.

Mazungumzo haya yanahusu siku hiyo: jinsi ya kuitambua, na nini cha kufanya ikifika. Yatagusa figili, bamia, kunde na saga, kwa sababu mimea hii minne hubeba mbegu zake ndani ya ganda, na kila mmoja una saa yake.

Gunia lilivyofika mlangoni

Wakaazi wa muda mrefu wanakumbuka. Mwanzoni mwa mwaka wa 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007, reli inayopita Kibera iling'olewa, masoko yakafungwa na bei ya chakula ikapanda. Mwaka huo ndipo shirika la Solidarités kutoka Ufaransa lilipoanza kusaidia familia za Kibera kupanda mboga katika magunia. Kazi ilikuwa rahisi kueleweka: gunia, udongo uliochanganywa na samadi, nguzo ya mawe katikati ya kupitisha maji, na mashimo ubavuni ya kupandia miche. Gunia moja likabeba miche mingi mahali ambapo hapakuwa na nafasi hata ya kuweka kiti.

Kilimo hicho sasa kina nafasi yake katika sheria. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha kilicho bora. Katiba hiyo pia iliweka kilimo chini ya serikali za kaunti. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ikapitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Mama mwenye magunia matatu nyuma ya nyumba ni mkulima, na anastahili ushauri kama mkulima mwingine yeyote.

Tofauti ni kwamba mkulima wa gunia hana nafasi ya kukosea. Mwenye ekari moja akichelewa kuchuma mstari mmoja wa bamia, mistari mingine ipo. Mwenye gunia ana mimea minne au mitano ya bamia, na akichelewa siku tatu, amepoteza mboga ya jioni mbili.

Ganda moja, mavuno mawili

Kanuni ya kwanza ni fupi. Ganda lina mavuno mawili, na haiwezekani kuyapata yote mawili kwenye ganda lile lile. La kula huchumwa likiwa changa, kabla mbegu hazijajaa. La mbegu huachwa mpaka mmea wenyewe umalize kazi, ganda ligeuke rangi na kukauka. Katikati ya siku hizo mbili kuna kipindi ambacho ganda halifai kitu: ni gumu mno kwa sufuria na ni bichi mno kwa mbegu. Wakulima wengi huchuma katika kipindi hicho, kwa kuwa ndipo ganda linapoonekana kubwa na la kuvutia.

Ukubwa humdanganya mkulima wa maganda. Kwa viazi na maboga, kikubwa ndicho kizuri. Kwa ganda la kula, kikubwa mara nyingi kimeshapitwa na wakati. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na ganda ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo uamuzi hufanywa mapema. Mimea ikishashika vizuri, mkulima achague ipi ni ya chungu na ipi ni mimea mama, yaani ya mbegu. Mimea mama ifungwe uzi mwekundu au kipande cha kitambaa, ili mtoto aliyetumwa kuchuma mboga asiiguse. Ni vyema ikae juu ya gunia, inapopata jua na kurefuka bila kusumbuliwa, na ile ya ubavuni iwe ya kuchuma kila siku.

Figili iliyotoa maua haijapotea

Figili hupandwa kwa ajili ya kiazi chake, na aina nyingi ndogo huwa tayari kwa takriban mwezi mmoja. Lakini kwenye gunia lililobanana, jua likiwa kali na maji yakikosekana siku mbili tatu, figili huacha kunenepesha kiazi na kukimbilia maua. Shina linarefuka, maua meupe au ya zambarau yanatokea, na kiazi kinakuwa kigumu. Wengi huling'oa na kulitupa.

Wasilitupe. Baada ya maua huja maganda ya kijani, membamba, yenye ncha kali. Maganda hayo huliwa. Ladha yake ni ya figili, yenye ukali kidogo unaofanana na pilipili manga. Wakenya wenye asili ya Kihindi wanayajua tangu zamani. Wagujarati huyaita mogri, na iko aina ya figili inayopandwa kwa ajili ya maganda tu, ambayo hurefuka kama mkia.

Kwa figili ya kawaida, ganda la kula ni lile lenye unene wa penseli au chini ya hapo, likiwa bado kijani na laini. Kuna kipimo ambacho hakihitaji chombo. Mkulima achukue ganda moja alikunje kwa vidole. Likikatika mara moja kwa mlio, liko tayari. Likipinda bila kukatika, au likikatika huku nyuzi zikining'inia, limechelewa. Kipimo cha pili ni kwa jino: ganda zuri hutafunika lote, na lililochelewa huacha makapi mdomoni.

Maganda hayakomai yote kwa siku moja. Yale ya chini ya shina hutangulia, ya juu hufuata. Kwa hiyo kuchuma ni kazi ya kila siku ya pili au ya tatu, ukianzia chini kwenda juu. Ni bora kuchuma asubuhi kabla ya jua kuwaka, ganda likiwa limejaa maji. Ganda likatwe kwa kucha au mkasi kwenye kikonyo chake, bila kuvuta shina, kwa sababu mizizi ya figili kwenye udongo laini wa gunia hung'oka upesi. Mmea unaochumwa huendelea kutoa maua. Ule ulioachiwa maganda yakomae huona umeshapata mbegu, nao hufunga kazi.

Jikoni, maganda ya figili hukatwakatwa katika kachumbari, hukaangwa kwa kitunguu na yai, au huwekwa katika achari pamoja na ndimu na chumvi. Yasipikwe muda mrefu. Dakika chache zinatosha, la sivyo yanalegea na kupoteza utamu wa kutafuna.

Anayetaka mbegu aache mimea kadhaa ikaribiane, siyo mmoja peke yake, kwa sababu figili huhitaji nyuki abebe chavua kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Maganda yakiwa ya rangi ya majani makavu na mepesi mkononi, shina lote hukatwa na kuning'inizwa mahali pakavu. Ganda la figili halipasuki lenyewe. Huvunjwa kwa chupa au kwa mti wa kusukumia chapati, kisha mbegu hupepetwa.

Bamia na kunde

Bamia haihitaji kujulishwa Kibera. Imo katika vyungu vya Wanubi wa Makina, watu walioishi hapo tangu mwanzo wa karne ya 20, wakati mahali hapo bado palikuwa msitu. Bamia hupenda joto, na Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Katika baridi ya Juni na Julai hudumaa. Lakini ua likishachanua katika miezi ya joto, ganda hukua haraka: siku nne hadi sita tu baada ya ua, bamia iko tayari. Urefu wa kidole cha kati unatosha. Kipimo ni kuvunja ncha. Ncha ikivunjika kwa urahisi, bamia ni ya chungu. Ikipinda, imekuwa ngumu.

Bamia iliyogumia isiachwe kwenye mmea kwa huruma. Ikatwe, isipokuwa ile iliyochaguliwa kwa mbegu. Ganda moja gumu linatosha kupunguza kasi ya maua mengine. Yenye mbegu huachwa mpaka ikauke, iwe ya kahawia na ianze kufunguka kwenye mistari yake.

Kunde hutoa mavuno matatu. Majani machanga huanza kuchumwa wiki tatu hivi baada ya kuota. Maganda ya kijani huchumwa yakiwa bado membamba, mbegu hazijaonyesha vinundu, na hupikwa kama mishiri. Mwisho ni kunde kavu, za kupika au za kupanda. Lakini mmea ulionyang'anywa majani yote hautazaa maganda ya maana. Anayetaka kunde kavu apunguze kuchuma majani mara tu maua yatokeapo. Ganda la mbegu huchumwa likiwa limegeuka rangi na likitikiswa linalia. Likiachwa mvua ya Novemba ilinyeshee, mbegu huota ukungu ndani ya ganda.

Saga: ganda la akiba

Saga, au akeyo kwa Wajaluo, chinsaga kwa Wakisii na tsisaka kwa Waluhya, ndiyo mboga inayowapotezea watu wengi mbegu. Ganda lake ni refu na jembamba, limesimama kama kidole juu ya shina. Ganda hilo si la chungu, kwani kinacholiwa ni majani na vikonyo vichanga. Lakini ndani yake mna mamia ya msimu ujao.

Kosa la kwanza hutokea kwenye uchaguzi. Mimea mizuri, yenye majani mapana, huliwa yote. Ile dhaifu, iliyokimbilia maua kabla ya kutoa majani, huachwa, na ndiyo inayotoa mbegu. Msimu ujao mkulima analalamika kwamba saga yake inatoa maua mapema mno. Haijarogwa. Alichagua wazazi hao mwenyewe. Mimea mama iwe ile iliyochelewa kutoa maua, yenye majani mengi na isiyo na wadudu. Mitatu hadi mitano katika gunia inatosha. Iliyobaki ivunjwe ncha ya maua kila inapotokea ili izidi kutoa majani.

Kosa la pili ni la siku. Ganda la saga halisubiri. Likiwa kijani, mbegu hazijakomaa. Likigeuka manjano, mbegu ndani huwa nyeusi au kahawia iliyokolea, na hapo ndipo pa kuchuma. Siku chache baadaye hukauka, hupasuka lenyewe, na mbegu zinatawanyika. Kwa kuwa maganda ya chini hutangulia, mkulima apite kila asubuhi umande ukiwa bado haujakauka, maana unyevu huzuia ganda kupasuka mkononi. Achume yaliyo manjano tu, moja moja, ayatie ndani ya mfuko wa karatasi au leso.

Kosa la tatu ni la kukosa subira. Mbegu za saga zilizotoka kuvunwa hulala. Zikipandwa wiki hiyo hiyo, nyingi hazioti, na mkulima hudhani zimekufa akazitupa. Zikihifadhiwa mahali pakavu kwa miezi mitatu au zaidi, huamka. Mbegu zilizovunwa Desemba, mwisho wa mvua za vuli, huwa tayari masika ya Machi na Aprili yakifika. Mwenye kujua hilo hatupi akiba yake.

Maganda yasiyoliwa

Onyo hili wazazi walifikishe kwa watoto. Si kila ganda au tunda la mboga ya kienyeji ni chakula. Mitoo, ambayo Waluhya huiita miro, huliwa majani tu. Maganda yake yanayolia kama kayamba, pamoja na mbegu zake, yana sumu na hayaliwi. Mnavu, yaani managu, una vitunda vidogo vya mviringo. Vikiwa bado kijani vina sumu na visiliwe. Mkulima anayeacha mimea hiyo ikomae kwa ajili ya mbegu aiweke mahali ambapo mtoto mdogo hafikii.

Kukausha, kuhifadhi na kujaribu

Mbegu huharibiwa na vitu vitatu: unyevu, joto na wadudu. Katika chumba kimoja ambamo jiko, kitanda na ndoo ya maji vimekaa pamoja, vyote vitatu vipo. Kwa hiyo mbegu zikaushwe kwanza juu ya gazeti au kitambaa, kivulini penye upepo, kwa siku kadhaa, zikigeuzwa. Zisikaushwe juu ya bati la moto wala karibu na jiko. Kunde iliyokauka vizuri huvunjika ikiumwa, na isiyokauka huacha alama ya jino.

Baada ya hapo ziwekwe ndani ya chupa au mkebe mkavu wenye kifuniko cha kubana. Mbegu za kunde za kupanda zichanganywe na jivu safi lililopoa na kuchungwa, ili kuzuia fukusi. Jina la mbegu na mwezi wa kuvuna viandikwe kwenye karatasi na kubandikwa. Chupa ikae sakafuni penye ubaridi au chini ya kitanda, mbali na mvuke wa sufuria.

Wiki mbili kabla ya mvua, mbegu zijaribiwe. Mbegu 10 zifungwe katika kitambaa chenye unyevu na kuwekwa mahali penye giza na vuguvugu. Baada ya wiki moja zihesabiwe. Zikiota saba au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota nne, ipandwe mara mbili ya kawaida. Zikiota mbili, ni heri kutafuta nyingine mapema kuliko kupoteza maji na mvua.

Kazi hii ni nyepesi ikifanywa na kikundi. Katika chama cha watu 10, si lazima kila mmoja atunze mbegu za kila mboga. Mmoja atunze saga, mwingine kunde, mwingine mnavu, kisha zigawanywe msimu ukianza. Gunia la mmoja likiibwa au likiharibiwa na mafuriko, mbegu hazipotei zote.

Usafi wa ganda

Ganda linaloliwa bichi, kama la figili, linahitaji uangalifu kuliko sukuma wiki inayopikwa. Lisimwagiliwe maji ya mtaro wala ya mto uliochafuliwa. Maji yaliyooshea mboga au mchele yanafaa kumwagilia, lakini si ya sabuni kali. Gunia lisiwekwe ukingoni mwa barabara yenye magari mengi wala kando ya jalala, kwa kuwa vumbi na udongo wa huko huweza kubeba madini ya risasi, ambayo hudhuru watoto zaidi. Udongo wa kujazia gunia usichotwe mahali palipotupwa betri au vyuma. Aliyepuliza dawa ya wadudu asome kwenye chupa idadi ya siku za kungoja kabla ya kuvuna, na azingoje. Kabla ya kula, maganda yaoshwe kwa maji safi yanayomiminika.

La kuondoka nalo

Mkulima wa gunia anayetaka kukumbuka jambo moja tu kati ya haya yote, akumbuke hili: aamue kabla. Ganda la chungu lichumwe changa, likikatika kwa mlio. Ganda la mbegu liachwe kwenye mmea ulio bora, lichumwe likigeuka rangi, kabla ya kupasuka. Kati ya siku hizo mbili, mkono ukae mbali.

Maafisa wa kilimo wa kaunti ndogo za Kibra na Dagoretti Kaskazini wako kwa ajili ya maswali ya vikundi na ya mtu mmoja mmoja. Anayekwenda kuuliza abebe ganda, jani au mbegu yenye shida, maana kuona ni bora kuliko kusimuliwa.

Mvua zikikaribia, foleni katika duka la mbegu itakuwa ndefu kama kawaida. Lakini katika baadhi ya nyumba za Laini Saba na Kabiro, mtu atainama, atavuta chupa kutoka chini ya kitanda, na kusoma mwezi aliouandika mwenyewe juu ya karatasi. Huyo hatahitaji kupanga foleni.